Ua la Mlangoni na Dawa ya Saratani



Somo la leo naliandika nikiwa na deni. Mwaka juzi, katika darasa letu la MUKEJA hapa Munanila, tulikuwa tunasoma neno "dawa". Mbele ya darasa pamepandwa maua madogo. Petali zake ni tano, rangi yake ni ya waridi, mengine meupe yenye kitovu chekundu. Huenda unayo mlangoni kwako. Nikayanyooshea kidole nikasema, "Ua hili mnaloliona, dawa ya saratani inatoka humu." Kisha nikafuta ubao, tukaendelea na neno lingine.

Nilisema kweli. Lakini nilisema nusu ya kweli, na nusu ya pili niliiacha ubaoni.

Miezi mingi ilipita. Jioni moja bibi mmoja wa darasa letu akaja kwangu. Mjukuu wake wa miaka 6, anayekaa na wazazi kule chini mwambao wa ziwa, alikuwa ameletwa kwake. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba. Kwanza walidhani ni jino. Jino likang'olewa. Uvimbe haukupungua, bali uliongezeka, na meno ya jirani yakaanza kulegea. Bibi akaniambia bila wasiwasi wowote, "Mwalimu, wewe mwenyewe ulitufundisha. Ua nimekwisha kulichuma, sufuria iko mekoni. Nimekuja kuuliza tu, mtoto anywe kikombe kimoja au viwili?"

Nilishikwa na baridi, ingawa jua lilikuwa halijatua. Tulitoka mbio wote wawili, yeye na fimbo yake, mimi na viatu mkononi, tukaenda kuimwaga ile sufuria.

Kwa nini ilibidi kuimwaga, ikiwa dawa inatoka humo kweli? Hilo ndilo somo letu. Lisome polepole. Ukichoka, weka kidole ulipofika, pumzika, kisha endelea.

Chembe na jiko lake

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai, ambazo wataalamu huziita seli. Ni ndogo mno, hazionekani kwa macho matupu. Nyumba hujengwa kwa matofali, mwili hujengwa kwa chembe. Ila tofali halili wala halizai. Chembe inakula, inafanya kazi, inachoka, na wakati ukifika inajigawa kuwa mbili. Ndivyo kidonda kinavyofunga, ndivyo mtoto anavyokua.

Kila chembe ina amri ndani yake: gawanyika sasa, acha sasa, kufa sasa. Amri hizo zikiharibika, chembe hujigawa ovyo bila kukoma. Mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Zinakuwa uvimbe, kisha nyingine huchomoka na kwenda kuota mahali pengine mwilini, kama magugu yanayorusha mbegu katika shamba la jirani. Hiyo ndiyo saratani. Wengine huiita kansa. Ni jina moja.

Sasa, chembe inakula nini? Sukari. Sisemi sukari ya dukani tu. Ugali, ndizi, viazi, maharage, vyote tumboni huvunjwavunjwa, na sehemu kubwa huwa sukari inayosafiri katika damu. Chembe huichukua na kuichoma kwa msaada wa hewa tunayovuta. Kazi hii yote ya kubadili chakula kuwa nguvu na kuwa vifaa vya kujengea huitwa umetaboli. Neno ni gumu, lakini jambo lenyewe unalijua. Ni jiko.

Mwanasayansi Mjerumani, Otto Warburg, katika miaka ya 1920 aliona jambo la ajabu katika jiko la chembe za saratani. Kulifahamu, fikiria pombe ya ndizi. Ndizi zikikamuliwa na maji yake yakafunikwa, sukari iliyomo huchachuka bila hewa. Nayo chembe nzima ya mwili, ikikosa hewa, huweza kuchachua sukari kidogo. Ndiyo maana ukipandisha mlima wa Heru na mzigo kichwani misuli inawaka: hewa haitoshi, misuli inachachua. Lakini hewa ikiwapo, chembe nzima huacha kuchachua ikarudia kuchoma vizuri. Chembe ya saratani haifanyi hivyo. Warburg aliona kwamba huchachua hata pale hewa ilipo tele.

Kuna hasara gani? Sukari kiasi kilekile, ikichomwa kwa hewa, hutoa nguvu za vipimo 30 hivi. Ikichachuliwa hutoa vipimo 2 tu. Basi chembe ya saratani ni kama mpishi mwenye mafiga matatu uani palipo na upepo: inateketeza kuni nyingi kwa chungu kimoja. Kwa hiyo inanyonya sukari nyingi kupita majirani zake. Katika hospitali kubwa iko mashine inayotumia tabia hiyo. Mgonjwa hupewa sukari yenye alama, na mahali inapojikusanya pasipo kawaida ndipo daktari anapopatilia shaka.

Hapo mwenye haraka atarukia jibu: basi mgonjwa asile sukari, saratani itakufa njaa! Jibu hilo nimelisikia sokoni, nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Si sahihi. Mtu akiacha kula, mwili hujitengenezea sukari wenyewe, na hutumia hata nyama ya misuli. Damu haikosi sukari mpaka mtu afe. Anayekonda ni mgonjwa, na uvimbe unaendelea kunyonya. Mgonjwa wa saratani anahitaji chakula: maharage, mayai, dagaa, maziwa, mboga, ugali. Usimnyime.

Sumu ya jikoni

Lakini je, hatuwezi kulizima lile jiko kwa dawa ya mmea?

Watu wamejaribu. Mfano mmoja sisi watu wa Kigoma tunaufahamu kuliko maprofesa, maana upo kwenye muhogo mchungu. Muhogo mchungu una kitu kinachotoa sumu iitwayo sianidi. Ndiyo sababu mama zetu huuloweka siku kadhaa, hukausha juani, ndipo husaga. Sianidi inafanya nini? Huingia ndani ya chembe na kuziba mahali hewa inapotumika. Hewa ipo, damu inaileta, lakini jiko halishiki. Chembe inakufa ikiwa imezungukwa na hewa. Watu wa Tarime waliyaona madhara yake mwaka 1985. Muhogo uliliwa bila kuandaliwa vya kutosha, chakula kingine kilikuwa haba, na baadhi ya watu, watoto na wanawake hasa, walipooza miguu. Ugonjwa huo huitwa konzo. Miguu haikurudi kama zamani.

Kokwa za tunda liitwalo aprikoti zina kitu cha ukoo huohuo. Kule Marekani, katika miaka ya 1970, maelfu ya wagonjwa wa saratani walimeza dawa iliyotokana nacho, iliyoitwa laetrile. Wenye kuiuza walisema sumu yake inaua chembe mbaya tu. Madaktari wakaamua kuipima kwa haki. Wagonjwa 178 walipewa dawa hiyo wakafuatiliwa, na matokeo yalitangazwa mwaka 1982. Hakuna aliyepona. Uvimbe uliendelea kukua, na damu za baadhi ya wagonjwa zilikutwa na sianidi karibu na kiasi cha hatari. Jiko likizimwa namna hiyo, yanazimika majiko yote, ya chembe mbaya na ya chembe nzuri.

Kuna mfano mwingine wa jikoni, na huu nautoa kwa sababu wapo wasomaji wanaomeza kidonge chenyewe. Wagonjwa wa kisukari hupewa metformin. Asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega, uliotumiwa zamani na wazee wa huko. Daktari Mfaransa, Jean Sterne, ndiye aliyeonyesha mwaka 1957 kwamba kidonge hiki kinashusha sukari. Nacho kinagusa jiko la chembe, ila kwa upole, si kama sianidi. Basi wataalamu wakajiuliza: kikigusa jiko, hakitatusaidia kwa saratani? Vichupani kilionyesha matumaini. Wakakusanya wagonjwa zaidi ya 3,600 wa saratani ya matiti, nusu wakapewa metformin pamoja na matibabu yao, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Walisubiri miaka. Mwaka 2022 majibu yakatoka: kwa jumla, waliomeza dawa hawakupata nafuu kuliko wenzao. Kwa kisukari ni dawa nzuri, endelea kuimeza kama ulivyoagizwa. Kwa saratani ya matiti haikufaulu mtihani.

Mimi jambo hili linanipa heshima kwa watu hao. Walitaka sana jibu liwe "ndiyo". Lilipokuja "hapana", wakaliandika.

Mti mchungu na sokwe wa Mahale

Sasa turudi nyumbani. Uko mti mdogo mchungu ambao wengi wetu hapa tunauita umubirizi. Majani yake tunayatumia kwa tumbo, kwa homa, hata kwa mifugo. Majirani zetu Watongwe, kusini mwa mkoa huu, huuita mjonso.

Mwezi Novemba 1987, katika milima ya Mahale, watafiti wawili walikuwa wakiwafuata sokwe porini. Mmoja ni Michael Huffman, Mmarekani aliyefanya kazi na chuo cha Japani. Wa pili ni Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mzee aliyeijua misitu na dawa zake. Sokwe mmoja jike alikuwa mgonjwa, mlegevu, hataki kula. Wakamwona anakwenda kwenye mjonso, anavunja tawi changa, anaambua ganda, anatupa majani, kisha anatafuna utumbo wa tawi na kunyonya maji yake. Mzee Kalunde alimweleza mwenzake kwamba hiyo ni dawa, na watu wake wanaitumia. Kesho yake sokwe yule alikuwa na nafuu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989, ikasomwa dunia nzima. Mkoa wetu wa Kigoma ukawa ukurasa wa kwanza wa elimu hiyo, na jina la mzee wa Kitongwe likaandikwa pamoja na la msomi.

Ninachotaka ukitazame ni kwamba sokwe alitupa majani na ganda. Baadaye wataalamu walipima mti huo sehemu kwa sehemu. Katika majani na ganda wakakuta kwa wingi kitu kiitwacho vernodalini, ambacho ni sumu kali. Katika utumbo wa tawi kilikuwa kidogo sana. Mnyama asiyejua kusoma alijua kuchagua kipimo chake.

Na vernodalini hiyohiyo ndiyo iliyowavutia watafuta dawa ya saratani. Mwaka 1969, miaka mingi kabla ya yule sokwe, Mmarekani Morris Kupchan na wenzake waliitoa katika mti huu huu, wakaonyesha kwamba inaua chembe za uvimbe. Mwenye kusikia hivyo husema, "Basi umubirizi unatibu saratani." Subiri kwanza. Inaua chembe ndani ya chupa. Kichupani hata sabuni inaua chembe za saratani. Chumvi nyingi inaziua. Maji ya moto yanaziua. Kazi ngumu ni kuziua ndani ya mtu na kumwacha mtu mwenyewe mzima. Tangu 1969 mpaka leo, umubirizi haujawa dawa ya saratani katika hospitali yoyote. Sisemi hautafika. Sisemi pia usiutumie kwa tumbo kama ulivyozoea. Nasema mwenye uvimbe asiukalie miezi akiungoja.

Bukini, Jamaika, Kanada

Haya, sasa lile ua la mlangoni. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Meli na watu wakalieneza, leo liko kila nchi ya joto. Katika kisiwa cha Jamaika watu walichemsha majani yake wakanywa kwa ajili ya kisukari. Mwaka 1952 majani hayo yalipelekwa Kanada, yakafika mikononi mwa Robert Noble na mwenzake Charles Beer. Wakawapa panya. Sukari ya panya haikushuka. Lakini chembe nyeupe za damu zilipungua sana, na panya wengine wakafa kwa maambukizo, maana chembe nyeupe ndizo askari wa mwili.

Mtu mwingine angeyatupa majani. Hawa wakafikiri: iko saratani ya damu, ambamo chembe nyeupe huzidi kupita kiasi. Kitu kinachozipunguza hakiwezi kufaa? Wakatafuta ndani ya majani mpaka mwaka 1958 wakatangaza dawa iitwayo vinblastini. Muda mfupi baadaye ikapatikana ndugu yake, vinkristini, ambayo iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963.

Dawa hizi haziingii jikoni. Zenyewe huvizia chembe inapojigawa. Chembe kabla ya kuwa mbili hunakili mbegu zake zote za urithi, ili kila mtoto apate fungu kamili. Kisha husuka nyuzi nyembamba sana za kuvuta fungu moja upande huu na fungu moja upande ule. Vinkristini hushika vifaa vya kusukia nyuzi hizo. Nyuzi hazisukiki. Chembe inakwama katikati, haiwezi kurudi nyuma wala kwenda mbele, inakufa. Na kwa kuwa chembe za saratani hujigawa mara nyingi, ndizo zinazokamatwa zaidi.

Zaidi, si peke yake. Nyuzi za namna hiyo zimo pia katika mishipa ya fahamu, kwa hiyo wagonjwa hufa ganzi vidoleni na kufunga choo. Daktari hupima damu, hupima uzito na urefu wa mtoto, ndipo anakata kipimo. Mtu mzima mara nyingi hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa sindano moja. Miligramu 2! Chukua punje moja ya mchele, igawe vipande 10. Kipande kimoja ndicho hicho. Huchomwa ndani ya mshipa tu. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Na ili kupata gramu moja tu ya dawa hii huhitajika mamia ya kilo za majani makavu. Ndani ya majani hayo mna vitu vingine zaidi ya 70 vya jamii hiyo, vingine vinadhuru moyo na ini. Kwa hiyo katika sufuria ya bibi kulikuwa na nini? Kulikuwa na dawa isiyotosha kutibu, imechanganyika na sumu isiyojulikana kipimo, ya kumnywesha mtoto wa kilo 17. Ndiyo maana tulikimbia.

Daktari wa Mulago na shavu la mtoto

Na shavu je? Uvimbe kama ule una historia yake Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Hakuwahi kuona jambo kama lile. Muda mfupi baadaye, katika hospitali nyingine, akachungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Akaanza kuandika na kuhesabu. Mwaka 1958 akachapisha habari zake. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu wakazunguka majuma 10, kutoka Uganda kupita Tanganyika mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza kila hospitali: mmeiona hii? Wakagundua kwamba ugonjwa huu uko zaidi nchi za joto, mvua na mabonde, mahali penye malaria nyingi. Milimani penye baridi ni haba. Mwaka 1964 wataalamu wa London wakakuta kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Kirusi hicho huwapata watu wengi bila kuwadhuru. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga yake huchoka, na chembe moja ikiharibika haizuiliki. Ugonjwa ulipewa jina la Burkitt.

Habari njema ni kwamba saratani hii, ingawa inakua haraka kuliko nyingi, inasikia dawa haraka pia. Mwaka 1967 palifunguliwa Kampala taasisi ya saratani, na watoto walitibiwa hapo kwa dawa za sindano, ile ya ua ikiwa miongoni mwake. Haitolewi peke yake. Huunganishwa na nyingine zisizotoka katika mimea. Watoto wengi wanaowahi hupona kabisa. Wanaochelewa, uvimbe huingia tumboni na katika uti wa mgongo.

Pengine utauliza kama Afrika Mashariki tumewahi kutoa mti wetu wenyewe. Ndiyo. Katika miaka ya 1970, kwenye vilima vya Shimba, pwani ya Kenya, ulivunwa kwa tani nyingi mti uitwao Maytenus, ukapelekwa Marekani. Dawa yake, maitansini, huzuia nyuzi kama vinkristini, lakini ina ukali mkubwa zaidi. Wagonjwa waliumia kuliko walivyonufaika, ikaachwa. Baadaye wataalamu wakabuni njia ya kuifunga juu ya kitu kinachoitafuta chembe ya saratani na kuishika, kama barua yenye anwani. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2013 kwa aina moja ya saratani ya matiti. Miaka 40 imepita kati ya mti kukatwa na dawa kufaa! Wazee wa Shimba walipata nini? Swali hilo nalitupa kwenu, mimi ninalo jibu langu na si zuri.

Mtoto alipofika hospitali

Asubuhi yake bibi alikubali. Sitasema alikubali kwa furaha. Aliniambia, "Mwanangu, jana ua ni dawa, leo ua ni sumu. Nikuamini lini?" Sikuwa na la kujibu. Nilimwambia kwamba kosa ni langu, na kwamba nitapanda gari pamoja nao.

Hospitali ya wilaya hawakukaa na mtoto. Wakaandika barua ya rufaa, akapelekwa Bugando, Mwanza, ambako wagonjwa wa saratani wa kanda ya ziwa hutibiwa. Kule walikata kipande kidogo cha uvimbe wakakitazama kwa darubini. Bibi aliogopa sana kukatwa huko, maana watu husema uvimbe ukiguswa kwa kisu unakasirika. Si kweli. Bila kukitazama kipande, hakuna anayejua ni saratani ipi, na kila saratani ina dawa yake. Sindano zilianza. Juma la kwanza lilikuwa halijaisha mama yake alipopiga simu: shavu linashuka. Bibi alikuwa darasani, aliinuka akatoka nje bila kuaga. Nilimkuta anamwagilia yale maua.

Mtoto bado anarudi Mwanza kwa tarehe zake. Nauli ni kubwa, mbuzi wawili wamekwisha kuuzwa.

Sasa mambo ya kushika. Mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yakilegea bila sababu, mpeleke hospitali juma hilo hilo, usingoje mavuno. Hapa kwetu zipo Heri na Kabanga, na Maweni pale mjini Kigoma. Mwanamke akikuta donge katika titi, hata kama haliumi, aende. Donge lisilouma ndilo linalodanganya. Damu ikitoka ukeni baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, aende. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini mwetu, nayo ikikutwa mapema hutibika. Wasichana wanachanjwa dhidi ya kirusi chake tangu mwaka 2018. Binti yako akiletewa chanjo shuleni, usimzuie.

Na kama unatumia miti shamba, mwambie daktari. Usione haya. Ini ndilo linalovunja vinkristini, na ini hilohilo ndilo linalovunja uchungu wa majani. Vikikutana, dawa inaweza kukaa mwilini kupita kiasi na kukudhuru, au kutoka upesi kabla ya kufanya kazi. Mganga wa jadi mwenye busara hatakuzuia kwenda hospitali. Nchi yetu imeweka sheria ya tiba asili mwaka 2002, na kule Muhimbili wataalamu wanaichunguza miti yetu tangu mwaka 1974. Mwenye mti anaouamini aupeleke ukapimwe.

Maua ya mlangoni acheni yaote, yanapendeza. Wafundisheni watoto wasiyatafune, na mbuzi wasiyafikie.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwa nini mgonjwa wa saratani asinyimwe chakula?
2. Sianidi ya muhogo hufanya nini ndani ya chembe? Nyumbani kwako muhogo mchungu unalowekwa siku ngapi?
3. Yule sokwe wa Mahale alitupa nini, na alitafuna nini? Kwa nini?
4. Dawa inayoua chembe ndani ya chupa imebakiza mitihani gani kabla ya kupewa mtu?
5. Kijijini kwenu, mtu akipewa rufaa kwenda Mwanza, nauli hutoka wapi? Jadilini, mwandike maneno matano au sita, mumpelekee mwenyekiti wa kijiji.